Sanduku la Mawe ya Limbu

Sapiwi, Bariadi
22 Juni 2003

Kwa wewe mwenye sanduku, Dastan,

Mwangaluka. Nakusalimia kwanza kwa sababu mimi nilifundishwa. Wewe ulipita kwangu bila kusalimia.

Jina lako nimelikuta juu ya kifuniko, pamoja na anwani ya Mwanza. Nimelisoma mwenyewe, usidhani nimesomewa. Nilipata cheti cha kisomo cha watu wazima hapa hapa Sapiwi, na mwalimu alisema mbele ya watu kwamba mwandiko wa Jilala ndio unaosomeka. Waliokuwa wananicheka, leo wakiletewa barua wanakuja kwangu.

Sasa sikia. Mimi ni Jilala, baba yangu Mayunga, babu yangu Limbu. Yale mawe makubwa nyuma ya malisho yangu ni ya Limbu. Kwenye mwanya kati ya mawe mawili kuna chungu kilichovunjika mdomo, na ndani ya chungu kulikuwa na kibangwa, lile gamba jeupe la duara la baharini ambalo babu alilivaa kifuani. Alilileta kutoka pwani kwa miguu, na mizigo ya watu kichwani. Hapo ndipo tunapowapa wazee wetu unga na pombe kabla ya kupanda. Tunasimama wawili, mimi na mdogo wangu Mayala. Mmoja peke yake hatambiki. Ndivyo alivyotuachia baba.

Mwezi uliopita nimekwenda, kibangwa hakuna. Ndani ya chungu kuna tochi. Ndogo, ya chuma, inamulika mpaka mwisho wa zizi. Nikaja nayo nyumbani. Jioni Mayala akaniona nayo, akauliza nimeitoa wapi, nikamwambia kweli, kwenye chungu. Akacheka. Akasema, "Kaka, umeuza kibangwa cha babu kwa tochi." Alisema hivyo mbele ya mke wangu Kabula na mbele ya watu waliokuja kwa maneno ya ng'ombe. Tangu hapo hakanyagi kwangu, na amesema hatasimama na mimi kwenye mawe mpaka kibangwa kirudi na ijulikane nani alikichukua.

Nikarudi kutafuta, nikapekua kila ufa na mgongo huu mbovu. Upande jua linakozama, nyuma ya vijiwe vilivyopangwa na mkono wa mtu, nikakuta sanduku lako la bati. Basi mwizi ni wewe. Tangu soko lifunguliwe kwa kila mtu tumewaona wanunuzi wa kila aina, wa pamba, wa dhahabu, wa ngozi, kila mmoja na gari lake na mashine yake mkononi. Wa kununua mizimu tulikuwa hatujamwona.

Sanduku ninalo, liko chini ya kitanda. Lete kibangwa, chukua sanduku. Jibu kwa kupitia duka la Mihayo, Bariadi mjini. Nimechoka kuandika, vidole vinauma.

Mimi Jilala Mayunga
Kamanda wa sungusungu, mstaafu, niliyelinda kijiji hiki na ng'ombe wake wote


Mwanza
9 Julai 2003

Kwa Mzee Jilala,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, nami nimeisoma nikiwa nimeona haya.

Sikuchukua kibangwa, Mzee, lakini naona jinsi kilivyotoka, na kosa limeanzia kwangu. Mimi ni mzaliwa wa Kiloleli, nafanya kazi na kampuni inayonunua pamba. Kazi yangu ni kupita kwenye vituo vya kununulia na kupima vilipo kwa mashine ndogo inayosoma setilaiti. Mhandisi mmoja mgeni, kabla hajarudi kwao, alinifundisha mchezo wa mashine hiyo. Mtu anaficha sanduku mahali pazuri, anaandika kwenye intaneti namba za mahali pale, na mtu mwingine yeyote mwenye mashine anafuata namba mpaka anafika. Analifungua, anaandika jina lake ndani, anafunga, anarudisha lilivyokuwa. Hakuna zawadi. Furaha yake ni kulipata tu.

Mchezo una adabu zake na wachezaji wanazishika sana. Ukitoa kitu sandukuni unaweka kingine chenye thamani sawa au zaidi. Huweki chakula, wanyama wasije wakalivunja. Ukiondoka unaokota takataka ulizozikuta hata kama si zako. Na unapotafuta hutakiwi kuonekana na wasiocheza, kwa sababu wakikuona watakuja kulichukua. Ila adabu inayotangulia zote ni kumwomba ruhusa mwenye ardhi, na hiyo mimi sikuitimiza. Niliona mawe, sikuona nyumba, nikajiambia hili ni pori. Nisamehe.

Karibu na mawe makubwa mashine hukosea, inaweza kukupeleka pembeni kidogo. Nadhani mchezaji mmoja alifika kwenye mwanya wa chungu akadhani ndipo penyewe. Akachukua kibangwa, akaacha tochi. Kwa adabu ya mchezo huyo hajaiba, amebadilisha, tena ameacha kitu kizuri. Nitamtafuta kwenye intaneti mpaka nimpate.

Nakuomba usitoe kitu sandukuni. Ikiwezekana ulirudishe pale pale, lisionekane.

Wako mtiifu,
Dastan


Sapiwi
27 Julai 2003

Dastan,

Mwadila. Kumbe Kiloleli! Basi wewe ni Msukuma kama mimi, na bado unaniambia uliona mawe hukuona nyumba. Moshi hukuuona? Kinyesi cha ng'ombe hukukikanyaga? Mawe makubwa namna ile, malisho yamesafishwa pembeni, ukadhani ni ya nani, ya nyani?

Adabu zenu nimezisoma zote. Kuokota takataka, hiyo nimeipenda, na vijana wa hapa wangefundishwa. Kutoweka chakula, sawa. Lakini kutoonekana ni adabu ya mwizi wa ng'ombe. Nimewakamata wengi enzi zangu, na wote walikuwa nayo.

Sanduku nimelifungua, ni langu sasa hivi mpaka utakapolikomboa. Nimekuta mdoli wa plastiki, kikadi chenye picha ya twiga, sarafu ambazo hazinunui chochote Bariadi, na kalamu. Watu wanatoka Ulaya kufuata hivyo? Kalamu nimeichukua, ndiyo hii ninayoandikia, ya kwangu ilikauka. Niliweka yai badala yake. Kabula akaniambia si nimesoma mwenyewe kwamba chakula hapana, nikalitoa. Nimeweka kengele ya ndama. Ina thamani kuliko kalamu, usije ukasema Jilala amekula mali ya mchezo.

Sasa la Mayala. Nilichukua barua yako nikaenda kwake. Yeye hakusoma, siku za kisomo alisema anachunga, akawa amelala kwenye kivuli. Nikasimama nje ya ua wake wa minyaa, hakunipa hata kigoda, nikamsomea mwanzo mpaka mwisho. Mambo ya setilaiti, mambo ya mhandisi, yote. Akasikiliza huku anafunga kamba ya ng'ombe. Nilipomaliza akasema, "Barua unaandika wewe, unasoma wewe. Mimi nitajuaje iliyomo?"

Nikamwambia mwite mwalimu wa shule akusomee. Akasema mwalimu naye ni mnywaji mwenzangu. Kweli tunakunywa naye, lakini inahusu nini?

Nimerudi nyumbani nimelala mchana, kitu ambacho sifanyi. Tafuta huyo mtu wako. Mawingu ya kupandia hayako mbali, na Mayala ni mgumu. Amechukua ugumu wa upande wa mama.

Jilala Mayunga


Mwanza
30 Agosti 2003

Guku Jilala,

Shikamoo. Niruhusu nikuite babu, kwa kuwa sasa tumeshagombana kama watu wa nyumba moja.

Kibangwa nimekipata! Aliyekichukua ni mwalimu mmoja, mwanamke wa Denmark anayefundisha Arusha. Yeye na mume wake walikuwa wanatoka Serengeti kuelekea Mwanza, wakaacha barabara kufuata namba zangu. Alipoona kibangwa kwenye chungu alisema hajawahi kukuta kitu kizuri hivyo kwenye mchezo, na kwa sababu hiyo akaacha tochi yake mwenyewe, ambayo mume wake alimzawadia. Nilipomweleza pale ni mahali gani, alijibu kwa maneno mengi. Kwa kifupi, anaomba radhi na hapati usingizi.

Lakini hakubaki nacho. Wachezaji hupenda kitu kizuri kiendelee kusafiri, kitoke sanduku hili kiingie jingine. Akakiweka kwenye sanduku lililoko njia ya Arusha. Pale kikachukuliwa na nesi mmoja wa Musoma anayeitwa Benedikta, naye alikuwa na mpango wa kukipeleka mbele, hata nje ya nchi. Nilimwahi. Sasa kimefungwa kwenye khanga, kiko kabatini kwake. Ana ndugu Bariadi na mwezi ujao atapita huko. Amekubali kukirudisha.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Ofisi ina mambo mengi siku hizi, na intaneti naifuata dukani, foleni ni ndefu na mashine zinazimika.

Dastan


Sapiwi
14 Septemba 2003

Mjukuu wangu Dastan,

Mhola. Barua yako ililala kwa Mihayo mpaka ikanuka sabuni. Anasema alisahau. Nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale dukani, na Mihayo akaniuliza mzee kuna msiba? Nikamwambia hapana, nimefuta jasho tu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kazi. Huyo nesi asiende kwenye mawe. Narudia tena, asiende kwenye mawe. Aje nyumbani. Aje mchana, apite njia ya kisimani ambapo watu wapo, aulize kwa Jilala. Aingie, akae, anywe maji, ale. Mimi nitatuma watu kwa Mayala. Nesi atakitoa kibangwa kwenye khanga mbele ya macho yake na kusema kwa mdomo wake kilikopita. Mayala barua haziamini, lakini mtu aliyekaa kwenye kigoda anamwamini. Hata mimi ni hivyo.

Mwaka jana kwenye mawe nilisimama upande wangu na Mayala upande wake, yeye ndiye anayemimina pombe, mimi ndiye ninayesema maneno. Maneno nayajua mimi, lakini mkono wa kumimina ni wake. Nilijaribu juzi kwenda peke yangu kuwasalimia tu wazee. Nikajiona kama mtu anayeongea peke yake njiani. Nikarudi.

Kabula anamtengea huyo nesi kuku. Mwambie.

Jilala


Mwanza
16 Septemba 2003

Guku,

Nakuandikia kwa furaha na haraka. Kazi imekwisha!

Benedikta alipita Jumamosi. Alifika kwenye mawe alfajiri, wachungaji hawajatoka, akafuata namba, akaona chungu kama mwalimu alivyoeleza, akakirudisha kibangwa pale pale kilipokuwa. Hakuna mtu aliyemwona, wala mbwa hakubweka. Anasema ni safari safi kuliko zote alizowahi kufanya kwenye mchezo. Na kwa kuwa ni mchezaji wa adabu, kabla ya kuondoka aliokota takataka zote zilizokuwa pale, kigae cha kibuyu na vitambaa vilivyochakaa, akaenda kuzitupa mbali, kwenye shimo la taka la mjini.

Nenda ukaangalie, Guku. Kila kitu kiko kama kilivyokuwa.

Dastan


Sapiwi
5 Oktoba 2003

Dastan,

Barua zetu zimepishana njiani kama watu wawili wasiosalimiana.

Ndiyo, kibangwa kimo. Nilikikuta, nikakaa chini kwenye vumbi, nikakiweka kwenye shavu. Ni baridi kama zamani. Kwa hilo nasema wabeja, asante. Halafu nikaanza kufikiri nitamwambiaje Mayala.

Nilimwita kwa watu, akaja mpaka kwenye mawe. Aliinama akatazama ndani ya chungu. Akasema, "Umeona nilivyokubana, ukakirudisha."

Nikamwambia amekirudisha nesi wa Musoma.

"Nani alimwona?"

Nikamwambia hakuna.

"Wewe kamanda," akasema, "wewe unayejisifu kwamba panya hapiti Sapiwi bila ruhusa yako. Nesi anatoka Musoma, anaingia kwenye malisho yako, anaweka kitu cha watu, anaondoka, hajanywa hata maji. Mbwa kanyamaza. Na kibuyu cha mama kakichukua cha nini? Kaka, hata uongo upumzike."

Dastan, zile takataka. Kile kigae kilikuwa kata ya kibuyu ya mama yangu, ilipasuka mimi nikiwa kijana, na ndiyo Mayala anayomiminia pombe tangu alipopewa kazi hiyo. Vitambaa alifunga baba. Kuna kingine mmeona ni uchafu pale? Mimi mwenyewe je, mngenikuta nimekaa, mngeniokota?

Sikulaumu kwa sauti kubwa, sina nguvu hiyo. Mmefanya kila kitu kwa adabu yenu. Mlichukua kwa adabu mkarudisha kwa adabu, na katikati mimi nimekuwa mwizi mara mbili, wa kukiuza na wa kukirudisha. Zamani niliposema neno kijiji kinasimama. Sasa nikipita wananiamkia, lakini wanatazama mfuko wa koti langu kama tochi imo.

Mvua zimeanza kunguruma upande wa ziwa. Wenzetu wameshaandaa mbegu. Mayala amesema atapanda bila kutambika, atakayekufa njaa afe.

Sijui kama nitaandika tena.

Jilala


Mwanza
19 Oktoba 2003

Guku Jilala,

Shikamoo sana.

Ulipoandika nesi aje mchana, aketi, aongee, nilisoma nikajua anayetakiwa kuja ni mimi. Tangu barua yako ya kwanza nilijua. Sikuja kwa sababu mbili, na zote nilikuficha.

Kwanza ni woga. Ulisaini kamanda wa sungusungu. Mimi nimekulia Kiloleli, najua sungusungu wanavyomshika mgeni aliyekutwa anazunguka kwenye mawe ya watu. Nikaona afadhali niandike barua nzuri.

Pili, kampuni ilifunga ofisi ya hapa mwezi wa nane. Wamekuja wanunuzi wengine wenye magari makubwa, sisi tukaambiwa asanteni. Mashine ilikuwa ya ofisi, wakaichukua siku hiyo hiyo. Niliendelea kukuandikia kama mtu mwenye kazi, nikisingizia foleni na mambo mengi ya ofisi, kumbe niko nyumbani kwa dada namsaidia kuuza dagaa.

Na bila mashine, Guku, kwako sipajui. Ni aibu kusema. Nina namba za mawe yako kichwani, naweza kukutajia zote, lakini nikishuka Bariadi sijui nishike njia ipi. Nilifika siku ile nikiwa nimeinamia kioo cha mashine. Sikumbuki mti, sikumbuki mlango wa mtu.

Benedikta amelia kwa ajili ya kibuyu. Alikwenda kwenye lile shimo la taka, limeshachomwa moto.

Nielekeze njia. Nitakuja.

Dastan


Sapiwi
30 Oktoba 2003

Dastan,

Dagaa ni kazi. Usiinamishe kichwa kwa ajili ya dagaa.

Njia ni hii. Shuka Bariadi, nenda duka la Mihayo, mwambie yeye ndiye aliyelaza barua yangu, atakuonyesha gari la Sapiwi. Ukishuka, namba zako zisahau. Uliza kwa Jilala. Usimuulize mmoja, uliza kila nyumba utakayopita hata kama umeshaelekezwa. Watakuuliza wewe ni nani, mtoto wa nani, Kiloleli upande gani, umekuja kufanya nini. Mjibu kila mmoja mpaka mwisho, usikatishe, hata ukichoka. Wakikupa maji kunywa. Vaa shati linaloonekana mbali.

Njoo jua likiwa juu. Sungusungu wakikusimamisha, simama. Sisi tulikuwa tunampiga anayekimbia.

Usichelewe. Nasikia Mayala ameshalainisha ardhi.

Jilala


Sapiwi
7 Desemba 2003

Mjukuu wangu Dastan,

Mhola? Ulifika salama? Uliondoka hapa umeinama kama mtu aliyefukuzwa, na ndiyo maana naandika, ingawa Kabula anasema nipumzishe macho.

Najua ulivyofikiri. Ulitoka barabarani mpaka kwangu kwa miguu ukieleza nyumba kwa nyumba, ukakamatwa kisimani, filimbi ikapigwa, ukaletwa na kijiji kizima nyuma yako. Mimi nilikuwa nimejilaza. Nilisikia kelele nikadhani ng'ombe wameibiwa, nikatafuta rungu langu. Halafu nikasikia akina mama nje wanabishana, mmoja anasema, "Huyu si ndiye wa mashine," mwingine anasema, "Ndiye, na aliyechukua ni mwalimu wa Arusha, kaacha tochi aliyopewa na mume wake, mjinga gani anaacha tochi ya mume?" Walikuwa wameshajua yote! Sikuwa nimesema neno. Nilikaa kwenye kigoda nikawasikiliza wakinieleza habari yangu mwenyewe.

Mayala akaja. Ulimweleza vizuri, sikuwa na la kuongeza, na unajua mimi sikosi la kuongeza. Ukampa ile kata mpya ya kibuyu uliyopewa na bibi yako Kiloleli, ukasema si ya mama yetu lakini imetoka kwa mama. Akaigeuzageuza. Akanyoosha mkono akataka tochi, nikampa, akaiwasha juani, akaitazama, akaizima, akaondoka nayo. Na kata akaondoka nayo. Wewe ukaniangalia. Nilitaka kumkimbilia anirudishie tochi yangu, Kabula akanishika koti, akaniambia, "Mwache aende nayo, mzee. Mwache tu."

Ukaondoka hujamaliza hata kuku.

Sasa yaliyofuata hukuyaona. Siku ya pili nilikwenda kwenye mawe asubuhi, sijui kufanya nini, miguu ilinipeleka. Nikamkuta Mayala ameshafika, amekaa na mtungi wa pombe na ile kata. Hakunisalimia. Nikasimama upande wangu. Nikasema maneno. Niliyasema yote, hakuna aliyebaki duniani anayeyajua yote isipokuwa mimi. Naye akamimina. Alipomaliza, badala ya kunyamaza kama siku zote, akainamia chungu akasema, "Limbu, kitu chako kilitembea, kimerudi. Mkubwa hakukiuza."

Kwangu hajasema mpaka leo. Alimwambia Limbu. Mimi nilikuwepo, nikasikia, imetosha.

Mvua imenyesha, si nyingi. Mwalimu wa shule anasema ingenyesha tu. Mwache aseme, shamba lake nalo limelowa.

Sasa la sanduku. Nimelitoa chini ya kitanda. Kwenye mawe halirudi, lakini sikunyang'anyi mchezo wako, maana nawe umenyang'anywa mashine. Nimelitundika chini ya kihenge cha mtama hapa uani, panya hawafiki. Ukienda kwenye duka la intaneti, waandikie hivi, kama ninavyosema, usibadilishe. Sanduku la Sapiwi liko nyumbani kwa Jilala. Namba hazihitajiki. Shuka, uliza, jibu unachoulizwa. Njoo mchana, onekana. Kaa, kunywa maji. Ukitoa kitu weka kingine, hiyo adabu yenu ni nzuri, tumeikubali. Kwenye mawe hakuna kinachotolewa na hakuna kinachookotwa.

Na mwalimu wa Arusha mwambie alale sasa. Aje siku moja na mume wake, nitawaonyesha kibangwa kwa macho, si kwa mikono.

Mayala siku hizi anakuja hapa jioni. Anasema amekuja kuangalia kama kihenge hakivuji. Anakaa kwenye kigoda kilekile ulichokalia, tochi mfukoni, anatazama njia ya kisimani. Hatuongei sana, sisi ni wazee, tumechoka na tumeshasemana yote. Ila jana jua linazama akasafisha koo akauliza, "Leo nao hawajaja?"

Nikamwambia bado.

Akavuta kigoda karibu na cha kwangu, akakaa.

Waandikie, Dastan.

Guku yako,
Jilala Mayunga
na Mayala Mayunga, anayesema na yeye jina lake liwepo